Mize Shaib Massoud, Marehemu

Kigombe, 4 Februari 2022

Mdogo wangu Yakoub,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua, anakusalimu sana. Vipi Dar, joto na kazi?

Nina neno. Unajua mwani wa maji mafupi unatuozea mwaka wa tatu sasa, maji yamekuwa moto. Kampuni imekipa kikundi chetu vitalu vya maji marefu, na mgao umesomwa kutoka kwenye ile programu uliyowatengenezea wewe. Nilivaa kanga mpya, nikawatambia wenzangu kwamba hiyo ni kazi ya mdogo wangu. Rahila, katibu wetu, akafungua simu, akasoma. Wee! Majina yakaisha, langu halikutoka. Kitalu nilichotarajia kapewa Asmahani, na yeye alikuwa kwenye orodha ya akiba.

Bila maji marefu sina mwani, Yakoub, na bila mwani wanangu hawali. Hebu itazame hiyo programu yako.

Dada yako, Mize

---

Dar es Salaam, 6 Februari

Shikamoo dada,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie mama apake mafuta niliyomletea.

Dada, programu haimjui Mize wala Asmahani. Simu inaiomba seva orodha, na seva, ile kompyuta kubwa ya kampuni, inaituma kama ilivyoandikwa, maneno yamebanana. Kazi ya programu ni kuyachambua tu: jina huku, kitalu kule. Kama hukusomwa, basi hukuandikwa. Ulizeni huko huko nani kalainishwa mkono. Watu wetu si unawajua!

Mdogo wako, Yakoub

---

Kigombe, 20 Februari

Yakoub mdogo wangu,

Salaam. Mama hajambo kidogo.

Nimefanya ulivyosema. Juzi, maji yalipotoka, nilimsimamisha Asmahani mbele ya wanawake wote nikamwambia amehonga. Asmahani huyu niliyekaa naye mkeka mmoja chuoni, aliyenishika mkono usiku niliomzaa Suhaila. Akaapa kwa Mungu. Nikamjibu kwamba hata waongo huapa. Wenzetu wengine wakanifuata mimi, na sasa akifika pwani hakuna anayemwitikia salamu.

Lakini moyo hautulii. Yule mwanamke namjua. Nijibu neno moja tu: una hakika na programu yako?

Dada yako, Mize

---

Kigombe, 17 Machi

Yakoub,

Hujambo? Simu zangu hupokei. Ujumbe wangu umeshausoma, alama mbili za buluu naziona, mimi si mjinga.

Asmahani kahama. Kachukua watoto karudi kwao Pemba, mume kasema hakai na mke aitwaye mwizi kila akichota maji. Kitalu kikakaa kitupu wiki mbili, kampuni ikawapa watu wa kijiji kingine. Kwa hiyo nimekikosa mimi, kakikosa na yeye.

Nijibu, mwanangu. Nimekubeba mgongoni mimi.

Dada yako, Mize

---

Dar es Salaam, 24 Aprili

Shikamoo dada yangu,

Ramadhani karimu. Natumai mnafunga salama, na mama hajilazimishi.

Nisamehe. Kosa ni langu. Orodha ya seva ina watu wawili waitwao Mize Shaib Massoud, wewe na marehemu Bibi Mize, dadake babu, maana na yeye alikuwa mwanachama. Kila mmoja ana namba yake, lakini mimi namba sikuzisoma. Niliiambia programu kwamba jina likitokea mara mbili ni mtu mmoja aliyeandikwa kwa makosa, ichukue mstari wa kwanza, wa pili iutupe. Mstari wa Bibi ulitangulia, umeandikwa "marehemu". Wewe ukatupwa, kitalu chako kikaonekana hakina mwenyewe, kikaenda kwa mtu wa akiba.

Nililijua hilo siku uliyoniuliza kama nina hakika. Mkataba wangu ulikuwa mezani unasubiri sahihi, nikaogopa. Sasa nimetoa toleo jipya. Sasisha, utajiona. Nakuomba hili libaki baina yetu, kampuni hawajui.

Mdogo wako, Yakoub

---

Kigombe, 6 Mei

Yakoub,

Marahaba. Idi imepita. Mama kauliza mbona hukuja, nimemwambia una kazi nyingi.

Nimesasisha. Nipo, alhamdulillahi, niko hai. Kwenye kitalu pameandikwa "hakuna".

Angekosea Mzungu ningesema masikini hajui. Wewe! Baba ni Shaib Massoud, baba yake babu alikuwa Shaib Massoud, mimi nimepewa jina la dadake babu ili lisipotee. Kigombe nzima tunarithishana majina, hata hilo lako Yakoub yupo mwenyewe makaburini. Kwa jina la nani ulidhani tunaitwa? Kisha ukaniambia nitafute aliyehongwa, na mimi nikakuamini kuliko rafiki yangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia Asmahani kumtaka radhi. Kaniuliza, "Leo umejuaje kwamba sikuhonga?" Nikanyamaza, kwa kuwa umeniomba ninyamaze. Akakata simu.

Sitaki kitalu tena. Nataka umpigie wewe, kwa kinywa chako, umwambie ulivyoniambia mimi. Namba ninaituma hapa chini.

Dada yako, Mize

---

Kigombe, 12 Juni

Yakoub,

Nimeuliza kwa mama yake Asmahani. Hakuna aliyempigia.

Kesho tunakutana pwani, kikundi kizima, na Rahila atampigia Asmahani Pemba asikie. Nitawasomea barua yako ya Ramadhani yote, kuanzia shikamoo. Wakitaka kuipeleka kampuni, waipeleke.

Mama nimeshamsomea.

Mize