Siku Mama Alipovua Viatu Ukumbini

Jumamosi usiku, Nakaloke. Mvua imekatika sasa hivi na mlima bado umejifunika mawingu. Naandika kwa simu, basi nikikosea herufi msinicheke.

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka saba nimemdanganya mama yangu. Kila nilipomwambia naenda Jinja kufuata vitenge vya duka, nusu ya safari hizo nilikuwa nakwenda kukaa ukumbini, nikitazama watu wazima na akili zao wakijifanya watu wengine. Vitenge nilinunua, wallahi. Ila nilinunua mbiombio.

Ugonjwa huu niliupatia hukohuko Jinja. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa kwaya, alinipa tiketi ya muziki wa fidla, wa zile nyimbo ndefu za Wazungu wa kale. Nikaenda kwa heshima tu. Wakatoka vijana wanne, mmoja kakumbatia fidla kubwa kama mtungi. Walipoanza kupiga, nilisahau hata mkoba wangu niliuweka wapi. Wakanyamaza, nami nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote, peke yangu. Kumbe wimbo haujaisha, wanapumzika tu! Ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi na buibui langu. Aibu ilioje. Lakini mwezi uliofuata nilirudi, na baada ya muziki yakanikamata maigizo, na hayo ndiyo yaliyonimaliza kabisa.

Mama nilimficha kwa sababu mimi ni mwoga, na kwetu mambo mengi hayasemwi.

Wakati wa vita, askari walikuja nyumbani wakamchukua baba, asirudi tena. Mimi nilikuwa bado tumboni. Hayo nimeyasikia kwa shangazi, maana mama hajawahi kuyasema. Jina la baba halitajwi kwetu. Hata Kiswahili hataki kukisikia, anakiita lugha ya bunduki, maana ndiyo waliyoisema askari wale. Mimi nimekipata madrasa na sokoni kwa Wakenya, na nikikizungumza na mteja, mama huchukua fimbo yake akatoka nje. Nimekua hivyo, sijui kama baba alikuwa mrefu au mfupi, mpole au mkali. Kuuliza nilijaribu mara moja nikiwa msichana. Alilia siku mbili. Sikurudia tena.

Juzi akaiona tiketi kwenye mkoba wangu. Nikasema kweli. Nilitegemea kutukanwa, akaniambia tu, "Nipeleke na mimi nikaone kitu kinachokuibia akili."

Ulikuwa mchezo wa leo mchana, Mbale, kwenye ukumbi wa shule moja. Muuza tiketi aliniapia kuwa ni kichekesho cha wake wenza. Na kweli kilianza hivyo. Wake wawili waligombania sufuria hadi mama akacheka, akanipiga paja kwa furaha. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimempata mwenzangu.

Halafu akaingia askari.

Mwigizaji mwenyewe ni mzee, mtu wa kaskazini, nasikia zamani alikuwa askari jela. Alipanda jukwaani na magwanda na fimbo, akawafokea wale wake wenza kwa Kiswahili kilekile cha askari wa vizuizi vya barabarani wakati wa vita: "Nyinyi yote! Kaa chini! Toa viatu!"

Nyuma yangu viti vikalia. Vijana wakaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nikageuka. Jamani! Wenye mvi, mmoja huku, wawili kule, wameshuka vitini. Alhaji mwenye kanzu nyeupe yuko sakafuni. Mwalimu mstaafu na tai yake yuko sakafuni. Wote viatu mkononi. Na mama yangu, wa magoti mabovu, amekaa kwenye saruji hapo miguuni pangu, kandambili amezipanga mbele yake, kichwa ameinamisha.

Kicheko kikafa.

Nilitaka kumwinua. Nilitaka kumbeba nimtoe mbio. Nikaishia kumshika bega. Yule mzee jukwaani naye alikuwa ameona, na fimbo ikamtoka mkononi. Hapo mama akainua uso, akasema kwa Kiswahili, ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake tangu nizaliwe:

"Afande, bwana yangu mulipeleka wapi?"

Mwigizaji hakuwa na maneno hayo kwenye mchezo wake. Nani angemwandikia? Akasema, "Mama, mimi sijui." Akavua kofia. Akainama, akaanza kufungua kamba za buti, moja, ya pili, polepole kwa uzee. Akateremka jukwaani miguu mitupu, akakaa sakafuni akiwaelekea wazee wale.

Nimeona maigizo Jinja na Mbale, mazuri kwa mabaya. Nimesikia fidla zikinitoa machozi bila neno hata moja. Leo sikujua kama niko ukumbini au msibani au msikitini.

Alhaji ndiye aliyesema, "Endeleeni." Wakaendelea mpaka mwisho. Wazee hawakurudi vitini. Mama aliutazama mchezo wote kutoka chini, mkono wake kwenye mguu wangu.

Mlangoni yule mzee alikuwa amesimama, hajavaa buti bado. Mama akampa mkono, akaushika kitambo, tukaondoka.

Kwenye teksi nikajilaumu njia nzima: mjinga wee, kwa starehe zako umemrudisha mzazi wako kwenye vita. Tumefika nyumbani, amesali, amekunywa chai yake. Kisha ameniita.

"Hadija, kesho duka usifungue. Nitakuambia baba yako alikuwa mtu gani."

Akaenda kulala. Namsikia anakoroma, amepata usingizi mzito ambao sijui aliupata lini mara ya mwisho. Mimi niko macho na simu hii mkononi.

Nimengoja maisha yangu yote. Mbona usiku huu mmoja unanishinda?