Blanketi Lililorudi Suji

Same, 4 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Habari za huko mlimani? Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Simu nimeizima, ikilia tu nadhani kituo cha zimamoto kinatuita kazini. Tangu tuwatoe watu kwenye lile basi lililoungua, kuna mtoto namsikia bado analia. Blanketi ulilonipa nimempa dereva wa gari la Suji akurudishie. Huku joto. Usihangaike kujibu.

Mjukuu wako,
Asheri

Suji, 6 Juni

Marahaba. Goti bovu, mdomo mzima. Mimi nasema, jirani yangu Honorata anaandika, na nimemkataza kulainisha neno.

Tangu unajifunza kutembea unaniita mke wangu. Leo nimekuwa Bibi, nimekukosea nini? Na blanketi limefika, limefuliwa, limekunjwa. Joto la Same limeanza juzi? Hapa kwetu mtu akishazikwa, blanketi lake hurudishwa kwa aliyemlea. Asheri, unataka kujiua? Honorata kasita kuandika, nimemfinya. Nijibu mimi, sitakupigia kelele. Nitalia tu.

Mkeo,
Bibi

Suji, 9 Juni

Mume wangu,

Salamu sina, hali yako siijui. Gari limeshuka, limepanda, barua hakuna. Nimeogopa, makande nimeyaacha chunguni. Honorata kampigia Husna, mwenzako wa kazini, aje akae nawe. Usipofungua, avunje mlango, si ndiyo kazi yenu? Dereva anakuletea hii asubuhi, mimi nafuata na gari la mchana. Blanketi ninalo. Ukiwa mfu nitakuchapa.

Mkeo

Same, 2 Julai

Shikamoo mke wangu,

Ulifika salama? Goti limesemaje baada ya safari? Nashukuru kwa zile siku ulizolala sakafuni kwangu na kumtukana kila aliyeniambia nijikaze.

Husna alipogonga, nilikuwa nimeshaamua. Sasa ananisindikiza kwa mshauri wa hospitali; kumbe naye anakwenda huko tangu mwaka jana, na hakuna aliyejua. Mkuu wa kituo amenipa mapumziko. Mtoto bado namsikia. Bado naogopa giza likiingia.

Hukuniuliza kwa nini nililirudisha blanketi, ukaniachia tu. Lilikuwa linanuka moshi wa jiko lako, nikijifunika naliona basi. Nililifua na kulifua, haukutoka.

Jana nilijifunika mpaka kiunoni.

Mumeo,
Asheri