Karatasi ya maua juu ya alama ya mafuriko

Landry, we uliangalia pembeni! Ulibandika ile karatasi ya maua ku ukuta ya saluni, chumba ya kuketi, na alama ya mafuriko uliiona. Inafika ku kifua ya mutu!

Mi niliishi mu nyumba ile, kule Buterere. Niliposema ukuta inaoza, papa Melance, mwenye nyumba, alinifukuza: "Ukitaka nyumba kavu, hamia mulimani." Sijasahau.

Leo nimemusikia anamwambia mama Nsimire, mupangaji mupya: "Gusa, mama. Ukuta kavu, hata maua yanamea."

Maua yanamea! Yule mama akacheka, watoto wake wane nyuma.

Apana. Nitamuaibisha Melance mbele ya kartie, mutaa yote. Saa tisa mama anasaini mukataba ya kupanga. Gundi bado mbichi. Kuja sasa na kisu yako, ubandue karatasi mwenyewe mbele ya mama.