Waya wa Kusugulia Trei

Jumatatu, 5 Machi 2001
Zamu ya asubuhi. Trei za alumini tena, rundo hadi kiunoni. Wageni wanakuja kutazama kiwanda na sifongo haitoi weusi wa molasi. Nikachomoa waya wangu wa kusugulia sufuria, niliotoka nao nyumbani. Trei ziling'aa, ungeweza kujiona. Msimamizi, Bwana Mutiso, amenisifu mbele ya wote. Nimefurahi kama mjinga.

Sheria ni sifongo pekee. Naijua. Nilidhani ni maringo ya wasomi tu.

Jumanne, 6 Machi
Mwikali, mwenzangu wa zamu, amenyunyiza mbegu ya kuvu juu ya molasi kwenye zile trei. Vumbi jeusi, taratibu, kama anayetia chumvi kwenye sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Kuvu itakula ile sukari na kutoa asidi ya ndimu, ile ya soda na peremende. Mikono yake haina haraka. Ndiye aliyeniombea kazi hapa.

Jumatano, 14 Machi
Mambo mabaya. Kuvu imekuwa nene kama blanketi, lakini majimaji chini yake hayana ukali. Asidi karibu hakuna. Bwana Mutiso anasema mbegu ilikuwa mbovu, na mbegu ni kazi ya Mwikali.

Fundi wa maabara akasema huenda ni chuma. Chembe tu ikiingia, kuvu inanenepa na kusahau kazi. Waya ule wa chuma ulikuwa ukimomonyoka mikononi mwangu. Nikaenda kuutafuta nyuma ya pipa, nilikouficha. Haupo.

Nimerudi kuosha trei bila kumwambia mtu. Mwoga mimi.

Ijumaa, 16 Machi
Mwikali amefutwa. Hakubishana. Alikunja koti lake jeupe, akaniaga vizuri. Mimi niliinama kwenye sinki, nikajifanya nina kazi nyingi.

Chakula hakipiti. Watoto wananiuliza kama naumwa.

Jumapili, 18 Machi
Baada ya kanisa nimekwenda kwake, Katangi. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Akaniwekea chai, akaulizia watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Nikainuka nioshe vikombe, angalau.

Akaingia chumbani, akatoka na waya wangu umefungwa kwenye gazeti.

"Shika kitu yako. Niliokota nyuma ya pipa kabla Mutiso hajaona. Wewe uko na watoto. Mimi niko peke yangu."

Kisha akachukua kitambaa, akaanza kupanguza vikombe. Nililia. Yeye hakulia. Angenitukana ningepona.

Jumatatu, 19 Machi
Nimefika mapema. Nimeosha trei moja kwa sifongo. Imebaki na weusi kidogo pembeni, nimeuacha. Sasa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Mutiso. Waya uko mfukoni, bado kwenye gazeti la Mwikali. Mutiso hajafungua mlango.