Dawa ya Kupunguza Damu

Jumatatu, 3 Machi 2014

Dk. Ashraf kanipa kazi ya ziada. Niandike karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa moyo na presha, ukurasa mmoja, tuibandike kwenye benchi la kusubiria. Kwa nini mimi? Eti mwandiko wangu unasomeka, na mimi ni Mnyiha, najua watu wa huku wanavyosema. Yeye ni wa Tanga. Miaka miwili kituoni na bado wakija wagonjwa wazee ananiita mimi nimtafsirie.

Nimekubali. Hata nimefurahi kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe ni kazi! Moyo, sawa, kila mtu anaujua. Lakini ateri? Nimeandika: mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Vena: mshipa unaoirudisha. Mapigo ya moyo, rahisi. Valvu – shuleni tulisoma vali, hospitali wanasema valvu – nimeandika mlango mdogo unaopitisha damu upande mmoja tu, usioiruhusu kurudi.

Leo nimewauliza akina mama pale benchini: presha ni nini? Mmoja akasema ni mawazo. Wa pili akasema kuna ya kupanda na kuna ya kushuka, yeye anazo zote mbili. Wa tatu: ni ugonjwa wa matajiri, yeye kaletwa kwa makosa. Tumecheka mpaka mtu wa mapokezi akachungulia.

Zimebaki dawa. Nitamaliza kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimempelekea Dk. Ashraf karatasi. Kasoma na kalamu nyekundu mkononi, anaitikia kwa kichwa vizuri tu, mpaka kwenye wafarini. Nilikuwa nimeandika: dawa ya kupunguza damu. Kakata mstari. "Inapunguza lita ngapi, sista?" Anatania. Akasema dawa hii haipunguzi damu hata tone. Inaizuia isigande ovyo. Mgonjwa akisoma hivi ataitupa.

Nimecheka naye. Kisha nikamkumbuka mtu.

Felista! Binti wa mama Nesta wa kijiji cha Mpemba. Mwaka jana Dar walimwekea valvu ya chuma, yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Novemba aliletwa kwetu ili tumfuatilie. Yeye alikuwa amelala, amechoka na safari. Dk. Ashraf alimweleza mama yake habari ya dawa, mimi nikatafsiri kwa Kinyiha. Na nilisema hivyo hivyo. Inapunguza damu. Nakumbuka hata nilivyoonyesha kwa vidole, kidogo kidogo.

Nimefungua daftari la kliniki. Felista alikuja Novemba na Desemba. Januari hakuja. Februari hakuja.

Sikumwambia daktari kitu. Nimesema naumwa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba ruhusa saa nne, nikaenda mpakani. Felista anauza vitenge nyuma ya maegesho ya malori. Nilimkuta na mteja wa Zambia, wanabishana kwa Kibemba, nikashukuru Mungu – anabishana! Lakini mteja alipoondoka akakaa chini kama amepanda mlima. Anahema. Miguu imevimba, soksi zimemchora.

Nikamuuliza dawa.

"Niliacha, dada Ruti. Tangu mwaka mpya."

Nikauliza kwa nini, ingawa nilijua.

Akasema alikuwa anatoka damu nyingi kila mwezi. Akapimwa duka la dawa, wakamwambia damu yake ni ndogo. Mama yake akasema: inakuwaje mtu mwenye damu kidogo anywe dawa ya kuipunguza? "Dar waliniambia nisiache. Lakini mama alisema wewe mwenyewe ndiye uliyemweleza, na nikaona kweli inapungua."

Nilimwambia aje kituoni leo leo. Akasema kesho, leo ana mzigo wa mtu. Nikamwambia Felista, si mchezo. Akanishika mkono, ananituliza mimi! Kesho, dada, naahidi.

Ningemvuta. Kwa nini sikumvuta?

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne, hajaja. Saa tano nimechukua bodaboda mpaka Mpemba, matope mpaka magotini. Felista kalala ameegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Mama Nesta anamchemshia mahindi mabichi. Dawa zote zipo, kwenye kopo juu ya kabati. Hazijatupwa. Zimefungwa kwa kitambaa, safi.

Nikamweleza mama Nesta kwa Kinyiha, taratibu. Dawa haipunguzi damu. Inaizuia isigande kwenye ule mlango wa chuma. Ikiganda, mlango haufunguki vizuri.

Akasema, basi masikio yangu yamezeeka, mwanangu, mimi nilisikia inapunguza.

Na mimi nikanyamaza.

Nimeandika hapa ili nilione. Nilinyamaza. Nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba. Nikampigia Dk. Ashraf, akasema mlete mara moja, msimpe kidonge chochote mpaka nimwone.

Kituoni akamsikiliza kifuani. Muda mrefu. Valvu ya chuma hulia kama saa ya mkononi, hata wewe ukisimama karibu unaisikia. Akanivalisha masikioni kipimo chake cha kusikilizia. Sauti ilikuwa nzito, kama mtu anagonga mlango akiwa amevaa glovu. Daktari akaniambia pembeni: damu imeganda kwenye valvu, nadhani. Mbeya, sasa hivi.

Gari la wagonjwa lilikwama kwenye foleni ya malori kabla hata hatujatoka mjini. King'ora kinalia, malori hayana pa kupisha. Dereva alishuka, akapiga mabodi kwa ngumi, lori moja moja. Saa nzima na nusu! Felista kwenye oksijeni, mama yake kamshika miguu. Mimi nahesabu mapigo. Mia thelathini na nne. Mia arobaini. Nikawa nahesabu tu ili nisifikiri.

Jumapili, 9 Machi

Mbeya. Tumelala kwenye viti. Asubuhi Felista kapimwa moyo kwa picha. Bonge la damu lipo, upande mmoja wa valvu haufunguki.

Daktari wa zamu ni mwanamke, mpole lakini anauliza kama hakimu. Aliacha dawa lini? Kwa nini? Nani alimwambia?

Mama Nesta Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hilo alilielewa. Akajibu kabla yangu. "Mimi. Mimi nilisikia vibaya."

Daktari akaandika kwenye faili. Nimeona kwa macho yangu: mama alielewa vibaya maelezo. Kalamu ikapita, basi. Sasa ni maandishi.

Dk. Ashraf kanipigia simu kuuliza hali. Akasema umefanya vizuri kuwafuata kwao, sista, muuguzi mwingine asingeenda. Nimekata simu nikaenda chooni nikalia.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika nimesimama ukutani, nje ya wodi.

Sindano za kuzuia kuganda hazijatosha. Felista hawezi kumaliza sentensi moja. Anasema "dada" halafu anavuta hewa. Daktari ametuita. Njia ni mbili. Kumpeleka Dar afunguliwe tena kifua – lakini hadhani atafika. Au dawa ya kuyeyusha lile bonge, hapa hapa, leo. Inaweza kumwokoa. Inaweza pia kumvujisha damu kichwani, na hapo hakuna la kufanya. Felista mwenyewe ameitikia kwa kichwa, kisha akamnyooshea mama yake kidole. Aamue mama.

Daktari akanigeukia. "Sista, wewe unajua lugha yao. Mweleze mama vyote viwili, neno kwa neno. Usimpunguzie."

Usimpunguzie! Yeye hajui alichosema.

Nikatoka na mama Nesta hapa nje. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaweka fomu ya kukubali matibabu kwenye goti, anatafuta mstari wa jina. Anajua kuandika jina lake, alijifunza ukubwani. Nikamwambia subiri, mama, hujasikia bado. Akasema hana haja. "Ukisema wewe, mwanangu, mimi naandika. Wewe ndiye uliyetufuata kwenye matope."

Nimemnyang'anya kalamu. Kwa nguvu kidogo, hata akashtuka. Ndiyo hii ninayoandikia.

Nikimwambia ukweli sasa, ataniamini vipi kwa haya mengine? Atamwamini nani? Hakuna Mnyiha mwingine wodi nzima, nimeuliza. Na akikataa, muda hakuna. Lakini nisipomwambia anaweka jina lake juu ya neno langu, kama Novemba.

Daktari kachungulia mlangoni, anaonyesha saa. Mama Nesta ananitazama. Ameanza kuogopa, nadhani sababu ni mimi, ninavyoandika.

Nimemwita kwa Kinyiha. Nimemwambia akae vizuri, kwanza kuna jambo la mwezi wa kumi na moja. Amesema lipi. Nimesema masikio yako hayana kosa, mama –