Nilivyokuzika Kwenye Foleni ya Dizeli

Mzuzu, Malawi
Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaitikia naomba ukae chini. Najua nyumbani kwetu barua husomwa sebuleni kwa sauti, asikie kila mtu mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hii usimpe Kulwa akusomee. Vaa miwani yako uisome peke yako, hata ikichukua siku nzima.

Magoti yanaendeleaje? Kulwa aliniambia ameifungua injini ya mtumbwi na kuiweka uvunguni, maana kwa bei ya petroli ya sasa dagaa wote wanaishia kwenye tangi, kwa hiyo kaka yangu anapiga kasia hapo hapo karibu na ufuko. Akasema na wewe umeacha bodaboda, unakwenda kanisani kwa miguu. Nilipokuuliza ukacheka, ukasema, "Miguu si ninayo? Yenyewe inatumia ugali."

Huku nako mafuta yamepanda, na yakishapanda yanaadimika. Ikisikika sheli fulani imepata, mji mzima unahamia huko na madumu. Kila kitu kimepanda nayo. Muuza nyanya ukimuuliza bei anakujibu "mafuta," utafikiri nyanya zake zinakunywa dizeli. Mimi bado naendesha ile Kanta ya tajiri wangu, nabeba dagaa wa ziwa la huku kuwaleta sokoni. Afya ninayo. Kilichoharibika ni kingine.

Wiki tatu zilizopita nilipakia dagaa walionyeshewa, hawajakauka sawasawa, na wewe unawajua dagaa wakilala na unyevu kwenye gunia. Dizeli ikaniishia mjini. Nikakaa foleni siku ya kwanza, sikufika. Siku ya pili harufu ikaanza, watu wakawa wanapita wameziba pua. Saa sita mchana nikaenda mbele kuangalia kama mafuta yamebaki. Aliyekuwa wa kwanza ni Bwana Banda, mtu wa makamo mwenye mashine ya kusaga, amekuja na madumu yake mawili. Zamani aliendesha malori mpaka Mbeya, Kiswahili anakijua. Akaniangalia usoni akaniuliza, "Vipi ndugu yangu, kuna nini?"

Nikasema, "Nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mama. Nataka kuwahi mpakani."

Nilitaka kukuandikia kwamba ulimi uliteleza. Nisikudanganye na wewe. Jana yake niliona watu wenye jeneza wakipishwa foleni nzima, kwa sababu huku, kama kwetu, mwenye msiba hazuiwi. Usiku kucha nililifikiria. Ningeweza kusema mjomba. Ningeweza kusema jirani. Nilikuchagua wewe kwa sababu kwa mama hakuna anayeuliza swali la pili.

Bwana Banda akavua kofia, akapaza sauti kwa lugha yao. Mama, watu walisogeza magari yao kwa kuyasukuma ili wasipoteze hata tone. Waliokuwa wameziba pua wakaziachia. Mwanamke mmoja akanishika mkono akalia. Nikajaza, nikaondoka nimeinamisha kichwa kama mfiwa, na dagaa nikawawahisha sokoni. Wakati naondoka niliangalia kwenye kioo, nikaona yule kijana wa sheli anaviringisha mpira wa pampu. Mafuta yalikuwa yameisha. Bwana Banda amesimama pale pale na madumu yake matupu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumamosi akafika kwangu kwa miguu, ameulizia "Mtanzania wa Kanta" mtaa kwa mtaa, akidhani nimeshatoka kuzika. Yeye amebeba mfuko wa unga, mkewe ana kuni kichwani. Mashine yake ilikuwa imezimika tangu siku ile, na wanawake wa mtaani kwao walikuwa wanatwanga mahindi kwa mikono. Unga ule ndio uliokuwa umebaki ndani mwao. Mkewe akaingia jikoni kwangu akasonga ugali, akasema mfiwa hapiki. Nikaula, mama.

Akaniuliza mama aliitwa nani. Nikamwambia Veronika.

Jumapili jina lako likasomwa kanisani kwao. Kanisa zima likasimama kukuombea raha ya milele, na mimi nikaitikia Amina. Nilipotoka nje nikakupigia. Ukapokea, "Abee, Shija?" Ile simu uliyosema mtandao ulikatika, haukukatika. Niliikata mimi.

Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Umenilea kwa kuuza dagaa kwa kikombe, na mimi nimekuuza kwa magunia ya dagaa yanayonuka. Na wale niliowadanganya si matajiri, ni watu wanaotembea kwa miguu kama wewe. Mara tatu nimekwenda pale mashineni kusema ukweli. Sasa amepata dizeli kidogo, anasaga. Akiniona anazima mashine, anatoka nje mweupe kwa unga, ananiita "yatima mwenzangu." Mara ya mwisho alinisimulia alivyomzika mama yake, akafuta machozi kwa kofia ileile. Nikashindwa. Nikampa pole, nikaondoka.

Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu. Barua hii nimempa dereva wa lori anayekuja Mwanza, ataiacha kwa dada Doto pale Igogo. Ukishaisoma, mwambie Kulwa anijulishe kwamba imefika, asiseme zaidi. Jumapili itakayofuata, baada ya ibada, nitakuwa nyumbani kwa Bwana Banda, mbele yake na mkewe. Nitakupigia na kumpa simu mkononi. Usinitetee, wala usiniombee msamaha, hayo ni yangu. Wewe msalimie tu, umwambie jina lako. Mimi nitakuwa nimepiga magoti hapo chini.

Na kama moyo wako umekataa, iache iite mpaka ikatike. Nitajua, na bado nitamwambia.

Msalimie kaka yangu Kulwa, mwambie asiuze ile injini kwa hasira. Msalimie dada yangu Doto na shemeji. Mwombe Padri wa hapo aniombee, hata kama hutamwambia kwa nini. Na wewe, mama, kwenye ile njia ya kanisani tembea pembeni, magari yasikukaribie. Nakuomba uishi.

Mwanao ambaye si yatima,
Shija