Kona Tunayoiita Kaburi

Jumatatu, 3 Machi

Fainali! Tumeingia fainali! Mara ya nne katika miaka ishirini ya klabu. Zile tatu zote tulirudi na medali za fedha na macho mekundu. Safari hii sitaki hata kuisikia fedha. Nataka kombe. Nilipiga kelele jana mpaka leo nazungumza kama chura.

Halafu asubuhi wakaja wakaguzi wa ligi. Wawili, viatu vinang'aa. Wakadundisha mpira uwanja mzima. Kufika kona ya kushoto, chini ya kikapu cha upande wa mlangoni — pu! Mpira ukabaki chini. Wakatazamana. Wakarudia. Pu! Mkubwa wao akasema fainali haichezwi hapa mpaka iwekwe sakafu mpya. Mimi na Mwenyekiti tumesimama pale kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

Kaburi letu limegunduliwa.

Humu hasomi mtu, niseme tu. Mwaka wa pili wa klabu paa lilivuja, maji yakaingia chini ya mbao za kona ile. Zikakauka. Kwa macho nzima kabisa, lakini mpira ukidunda pale haurudi. Pesa za kubadilisha hazikuwapo, basi tukaifanya silaha. Mgeni akija na mpira, tunambana, tunambana, tunamsogeza konani — mpira unamfia mkononi, na sisi hao, tumeshafika kikapuni kwao! Wakati huo mimi ndiye nahodha. Sasa ni kocha msaidizi, na kila mchezaji mpya, kabla hajapewa jezi, namshika mkono namwonyesha: hapa ni Kaburi, usikanyage.

Kocha mkuu amekuja msimu huu tu, hakuwa akijua. Alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza bila hilo Kaburi tutashinda kwa kitu gani. Nimemkasirikia sana.

Jumanne, 11 Machi

Sakafu mpya imekamilika. Inanukia vanishi mpaka barabarani. Nimedundisha mpira kona ya kushoto mwenyewe — ukarudi, tena kwa kiherehere. Nikajikuta nimenuna.

Mwenyekiti anataka kijitabu cha miaka ishirini, historia niiandike mimi kwa kuwa nilikuwapo tangu mwanzo. Nimeandika yote. Wauguzi na walimu wa kike tukicheza baada ya kazi. Viatu jozi saba, wachezaji kumi na wawili, anayetoka anamvulia anayeingia. Mume wa fulani kuja kumtoa mkewe uwanjani, akaishia kuwa mshangiliaji namba moja. Kuandikishwa ligi ya kulipwa. Mshahara wa kwanza — tulilia, wallahi! Na Kaburi pia nikaliandika.

Mwenyekiti akasoma, akaniambia nilifute. Nikamwambia ukilitoa hilo, nusu ya ushindi wetu haielezeki. Akasema basi weka "ulinzi imara."

Nimeweka ulinzi imara. Nimecheka peke yangu ofisini kama mwehu.

Ijumaa, 14 Machi

Mechi ya kwanza kati ya tatu. Nyumbani kwetu! Tumefungwa 58 kwa 70. Leo siandiki.

Jumamosi, 15 Machi

Baba watoto ni daktari wa meno. Mpira wa kikapu haujui hata kidogo, miaka yote hii anakuja kwa ajili yangu na kwa ajili ya karanga. Leo mezani ananiuliza, taratibu kabisa, kwani wale wasichana wenu wamegombana na watu wa ile kona?

Kona ipi?

Ya kushoto. Hakwenda hata mmoja. Wageni wakajua, wakaacha kuilinda, wakajazana katikati.

Kijiko kikabaki hewani. Akaendelea, ndiyo zao wagonjwa wake. Jino bovu ameshaling'oa, kidonda kimepona, mtu mwezi mzima bado anatafunia upande mmoja.

Ya Rabi! Kaburi tumelifukua lakini bado tunalizunguka. Nikamrukia kumbusu, chai ikamwagika shatini. Akasema angejua atabusiwa hivi, angelisema tangu jana.

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi. Nimewaambia wote: Kaburi halipo tena, kanyageni! Wakaitikia "ndiyo, Mama" kwa pamoja, vizuri kama shule ya chekechea. Mchezo ukaanza — hakuna aliyekanyaga. Miguu inakwepa yenyewe.

Kocha akaweka chupa za maji palepale konani: mwenye kiu aende. Ngazi, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, akasimama nje ya kona, akanyoosha mkono wake usio na mwisho, akachukua chupa yake na za wenzake watatu. Tulicheka mbavu hatuna. Hata Kocha.

Anayenitia wasiwasi ni Bi Harusi. Tunamwita hivyo kwa sababu ya nywele zake, basi zima humsubiri asukwe kabla ya kila mechi. Ndiye mtupaji wetu wa pointi tatu, hakuna wa kumfikia katika ligi nzima. Kona ni mahali pake hasa. Lakini anakimbia vizuri, anafika hatua moja kabla — anageuka.

Alhamisi, 20 Machi

TUMEWANYOA! Kwao! 74 kwa 59! Mbele ya ngoma zao na bendera zao!

Sauti sina tena. Ngazi aliruka mpaka nikadhani atabaki juu. Mlinzi wetu mdogo alimpokonya nahodha wao mpira mara nne, yule dada akaishia kumwuliza refa kama inaruhusiwa. Na Bi Harusi — kona ya kushoto! Mara tatu! Shwa, shwa, shwa, hata chuma hakikuguswa. Kwa watu hana woga hata chembe.

Basini tumeimba njia nzima. Dereva amekosa njia mara mbili kwa kupiga makofi. Mwenyekiti, mtu mzima na suti yake, amecheza kwenye kijia cha katikati mpaka kitambaa cha suruali kikasema basi. Sasa tuko sare, mechi moja kwa moja. Ya mwisho kesho kutwa, nyumbani, na kombe litakuwa mezani. Nimeshaanza kuvimba kichwa, na sijali.

Ijumaa, 21 Machi

Furaha kidogo imenishuka. Mazoezi ya mwisho, nyumbani, Bi Harusi kakwepa tena. Kona ya kushoto, kama ile aliyofungia kwa watu! Nikamweka kando, nikamwambia mwanangu, una nini?

Akaangalia viatu. Akasema: "Mama, nilikuja hapa nina miaka kumi na tisa, simjui mtu. Ulinishika mkono, ukanileta hapa. Nikifika tu nasikia sauti yako inasema usikanyage."

Nikachukua mpira, nikaenda Kaburini mwenyewe na viatu vyangu vya ofisini, nikatupa. Haukugusa kikapu, haukugusa ubao, ulikwenda kumpiga fundi wa taa mgongoni. Wakacheka mpaka wakalala chini. Bi Harusi naye alicheka. Lakini hakukanyaga.

Kocha anasema tumpangie upande wa kulia, ndiko alikozoea. Wageni nao wanajua ndiko alikozoea.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kwenye benchi, kwa mwanga wa simu. Umeme umekatika! Zimebaki sekunde nane, 61 kwa 63, wao wako mbele, mpira wetu. Nane! Mtambo wa umeme wa ukumbi umekohoa, ukazima. Fundi wa taa yuko huko nyuma anaupiga teke, tunasikia. Madirisha yako juu mno, refa amesema yeye hachezeshi mpira wa kupapasa.

Siwezi kukaa bure, nitapasuka. Ndiyo maana naandika.

Mchezo umekuwa moto tangu mwanzo. Tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na tano, wasichana wakapiga moyo konde, wakarudi moja moja. Ngazi anacheza na kifundo cha mguu kilichovimba, haniruhusu hata nikiangalie. Upande wa kulia wamembana Bi Harusi, wawili kwa mmoja, hajapata nafasi hata moja. Kona ya kushoto haina mtu tangu mchezo uanze. Wageni hata hawaitazami.

Ukumbi mzima unaimba gizani. Sijawahi kuona kitu kama hiki miaka ishirini. Simu zimewashwa mpaka juu kabisa. Baba watoto namsikia, anaimba vibaya kuliko wote, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kocha amekuja sasa hivi, amenipa kile kibao chake cha kuchorea na kalamu. Amesema mchezo wa mwisho nipange mimi. Nimemwambia usinitanie. Amesema hatanii, klabu hii unaijua wewe. Kulia, au kushoto? Kulia ni salama na hatutafunga. Kushoto...

Bi Harusi hayupo benchini. Nimemmulika na simu, kulia, katikati, hayupo. Nimemwita. Ameitika kutoka upande wa mlangoni.

Amekaa konani. Kaburini hasa, chini kabisa, amenyoosha miguu kama yuko sebuleni kwao, anajifunga kamba za viatu. Ameniambia, "Mama, toa hiyo taa, unanichoma macho."

Nimechora. Mstari mmoja tu, mpaka kona ya kushoto. Kocha ameutazama, amenipiga bega.

Wageni wameshaanza kujipanga gizani, wote upande wa kulia. Mtambo unakohoa tena. Umeshika — taa zinawaka!